Tulivyo-copy sauti ya da Zuhura kwenye flash arobaini mchana mmoja, Birmingham

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Juzi kuna mwenzetu humu aliuliza namna ya kuharakisha ku-copy mafaili kwenda kwenye flash nyingi kwa mpigo. Nilianza kumjibu kwa mistari mitatu, nikajikuta nimekaa naitazama keyboard tu.

Jibu ninalo, na nimelipata kwa vitendo. Ila kwangu mimi halitoki peke yake. Linatoka na mtu.

Kwa hiyo nitasimulia kama ilivyokuwa. Majina nimeyabadilisha, basi. Mengine yote nilikuwepo, au nimeambiwa na aliyekuwepo. Mwenye haja ya ufundi tu atauokota humo humo njiani.

Mimi ni mtu wa Tanga. Miaka ile nilikuwa Birmingham, maeneo ya Small Heath, natengeneza kompyuta kwenye duka la Msomali mmoja pale Coventry Road. Kutoa virusi, kubadilisha skrini, ku-unlock simu, kazi za namna hiyo. Chumba changu kilikuwa juu ya duka.

Da Zuhura alikuwa Mpemba, mke wa kaka Idrissa, dereva wa teksi. Walikaa Stechford na binti yao Maryam, ambaye wakati huo alikuwa college. Da Zuhura mwenyewe alikuwa anatunza wazee kwenye care home moja upande wa Edgbaston.

Watu wetu wa Birmingham karibu wote walimjua, na wengi walimjua kwa sauti kabla ya sura. Ukijifungua, ukifiwa, ukilazwa, ukinyimwa viza, simu ya kwanza kuingia ni yake. Na hasemi "hello". Anaanzia katikati: "Haya niambie, leo umekula nini?"

Mwaka niliofiwa na baba sikuweza kwenda kuzika, makaratasi yangu yalikuwa hayajakaa sawa. Alinipigia kila siku. Siku nyingine hana hata la kusema, anaiacha simu wazi juu ya meza ya jikoni, yeye anapika. Nasikia sufuria, nasikia anajiimbia taratibu, nasikia anamgombeza Maryam kwa viatu. Nalala chini na simu sikioni. Sijui ningeivukaje wiki ile.

Sasa sauti hiyo ndiyo ikaanza kukwaruza.

Mwanzo tulimtania kwamba anaongea sana. Yeye mwenyewe alidhani ni baridi. Alikunywa tangawizi, alikunywa asali, akasukutua maji ya chumvi. Ilipofika mahali akawa akikupigia unadhani ni mwanamme, kaka Idrissa akampeleka kwa daktari kwa nguvu.

Kansa ya koo.

Walimwambia njia ya kuiondoa ni kuondoa na kile kisanduku cha sauti chote. Atapumua kwa tundu la shingoni. Ataishi, Mungu akipenda, lakini kuongea ndiyo basi.

Kaka Idrissa alinisimulia haya dukani, amesimama, funguo za gari mkononi, hakutaka kukaa. Akamaliza kwa kusema, "Amesema uje na maikrofoni."

Nilienda.

Da Zuhura alikuwa ameshaamua. Chumba cha kulala amekigeuza studio, ametundika duvet dirishani kuzuia kelele za treni, maana reli ya Stechford haikuwa mbali nao. Akaniambia, "Mie sitaki kulia. Nataka kusema. Nifundishe tu wapi pa kubonyeza."

Nikamfundisha. Wiki kadhaa zilizofuata alirekodi kila siku kiasi koo lilivyomruhusu. Siku nyingine maneno mawili tu anaacha.

Alirekodi majina ya ukoo wake kuanzia babu wa babu. Alirekodi namna ya kupika pweza wa nazi, mpaka na kosa ambalo wakwe zake wote hulifanya. Alirekodi hadithi za utotoni kwake. Alirekodi dua. Kisha akarekodi ujumbe kwa kila mtu kwa jina lake, vipande vifupi vifupi: fulani acha sigara, fulani umpigie mama yako, fulani yule binti wa Leicester anakufaa, usizubae.

Mpango ulikuwa hivi. Jumamosi kabla ya kulazwa, watu wote waje nyumbani Stechford. Kila mmoja apewe flash yake yenye mkusanyiko mzima. Na awape yeye mwenyewe, mkononi, huku anaongea nao.

Hilo la kuongea nao ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Alisema hataki watu waje kupokea sauti yake kutoka kwa mtu ambaye ameshakuwa bubu.

Flash zilikuwa zimeshanunuliwa, arobaini, zile za 512MB, ambazo enzi hizo tuliziona kubwa. Mimi nilipanga kuzijaza taratibu wiki nzima, kila nikitoka kazini nijaze chache.

Katikati ya wiki, asubuhi, simu ya kaka Idrissa.

"Hospitali wamepiga. Nafasi imepatikana mapema. Wanamtaka kesho."

Nikauliza, "Kwa hiyo Jumamosi?"

"Hakuna Jumamosi. Nishawaambia watu waje leo, baada ya Adhuhuri. Unazo ngapi tayari?"

Nilikuwa na tatu.

Bosi wangu nilipomweleza alifungua droo akanipa hub mbili, zile za kuchomeka flash nyingi kwenye tundu moja, na nyaya zote zilizokuwemo, akaniambia nisirudi mpaka nimemaliza. Kaka Idrissa alikuja kunichukua na teksi.

Sasa wakuu, hapa ndipo ufundi ulipo, nisomeni vizuri.

Kompyuta ya pale nyumbani ilikuwa mzee. Mimi kwa haraka yangu nikachomeka flash iliyokwisha kujazwa upande mmoja, flash tupu upande mwingine, nikaanza kuhamisha. Flash moja ikala zaidi ya robo saa. Nikapiga hesabu kichwani, nikaona mpaka usiku wa manane nitakuwa bado naendelea.

Makosa yalikuwa matatu kwa mpigo. La kwanza, flash kwenda flash ni kuifanya njia moja ipitishe mzigo mara mbili. Weka kwanza kila kitu kwenye hard disk, ndipo utoe hapo. La pili, matundu ya mashine ile yalikuwa USB 1.1, yale ya zamani. Hata uchomeke flash ya namna gani, itatembea mwendo wa konokono. La tatu, mafaili yalikuwa madogo madogo mengi mno, na kila faili kompyuta inasimama kidogo kuliandikisha kabla ya kwenda lingine.

Nikiwa hapo najikuna kichwa, akaingia Otieno.

Otieno ni Mkenya, alikuwa anasomea mambo ya kompyuta chuoni na anafanya shift za wikiendi kwenye care home ile ile ya da Zuhura. Alikuwa amekuja kuaga tu kama wengine, lakini begi lake la mgongoni lilikuwa na laptop mpya. Alinitazama kidogo, akatazama hub yangu.

"Boss, hii hub unajua ports zote zinashare line moja? Ukiweka saba hapo ni kama umeweka watu saba wanywe na straw moja."

"Sasa tufanyeje?"

"Tugawe. Kwangu ziko USB 2.0. Weka hub moja hapa, flash nne peke yake. Ingine uende nayo kwa laptop ya Maryam. Na uchomeke power ya hub kwa ukuta, la sivyo hizo flash zitakuwa zinazimika zimika."

Tukaihama ile mashine mzee. Tukatandaza nyaya kwenye meza ya kulia chakula. Jikoni akina mama walikuwa wameshaanza kupika, nyumba inanukia pilau kama kuna harusi. Watu wanaingia, wanavua viatu, wanatuona na nyaya zetu, wanasalimia kwa sauti ya chini.

Mwendo ukabadilika, lakini bado. Flash zenyewe zilikuwa za bei rahisi, nzito kuandika.

Otieno akafungua folder, akatazama ukubwa wa mafaili. "Hizi zote ni WAV! Kwa nini? Tuzigeuze MP3, zitakuwa kama moja ya tano ya hii size. Na hizo radio za kwenu zenye mahali pa flash, WAV nyingi hazisomi."

Nilikuwa nalijua hilo wakuu. Nilikuwa naliogopa. WAV ni sauti nzima isiyobanwa; kuigeuza kuwa MP3 ni kuipunguza, kuna chembe zinatupwa ambazo hazirudi. Kwa muziki wa disko sawa. Kwa hii?

Kaka Idrissa alikuwa nyuma yetu, kasikia.

"Hamna kupunguza," akasema. "Wanakwenda kumpunguza kesho. Nyie msianze leo."

Otieno akatoa mkono kwenye mouse.

Da Zuhura alikuwa kwenye kochi, amezungukwa na wanawake. Alinyanyuka akaja mezani. Akavuta kiti, akasema kwa ile sauti iliyobaki, "Niwekee nisikie mie. Yote mawili."

Nikageuza faili moja kwa majaribio, nikamvalisha headphones. Nikampigia la kwanza, kisha la pili. Alifumba macho. Akaomba arudiwe.

"Ile ya pili ndiyo ndogo?"

"Ndiyo da Zuhura."

Akamgeukia mumewe. "Idrissa, skiza. Ndiye mie huyo huyo. Bora nifike kwa wote nimepungua kuliko nifike kwa watatu mzima."

Kaka Idrissa akatoka nje akasimama kwenye gari lake. Tukageuza.

Kutoka hapo kazi ilikwenda. Otieno akaandika script fupi ya kuipa kila flash dirisha lake, zote ziandike kwa pamoja badala ya kusubiriana. Kwa wanaotaka, enzi za XP ilikuwa hivi:

for %%d in (F G H I) do start xcopy C:\SAUTI %%d:\ /E /Y

Unai-save kama .bat, unachomeka flash zako, unahakikisha herufi ambazo kompyuta imezipa flash ni hizo hizo, unabonyeza mara mbili, unakaa pembeni. Laptop mbili, hub mbili, flash nane kwa wakati mmoja. Zikiisha unazitoa kwa "Safely Remove", usichomoe tu, unaweka nyingine nane.

Kisha kuna hatua ambayo wengi huiruka: kuhakiki. Flash za bei rahisi zinadanganya. Zinakuonesha faili lipo na ukubwa wake kamili, ukifungua ni takataka. Kwa hiyo kila flash ifunguliwe, faili la mwisho lipigwe mpaka mwisho wake.

Kazi hiyo aliiomba Maryam.

Alikaa kwenye ngazi na kompyuta ndogo ya rafiki yake na earphones. Anachomeka, anasikiliza, anaweka kwenye kikapu cha zilizo salama. Mimi nilimpa bila kufikiri. Nilikuwa nawaza mwendo tu.

Faili la mwisho lilikuwa fupi. Da Zuhura anakohoa kidogo, anasema, "Haya basi. Mie nimemaliza." Basi, limeisha.

Maryam alisikia hivyo flash baada ya flash. Nilikuja kumtazama nikaona amezitoa earphones, amezishika mkononi, anazitazama. Chumba cha pili mama yake mzima anacheka na wageni, tunamsikia.

"Uncle," akaniambia, "can someone else do this one? I can't hear her finish again."

Nikakaa mimi kwenye ngazi. Yeye akaenda kukaa miguuni kwa mama yake. Nilizimaliza zilizobaki, na tatu kweli zilikuwa mbovu, tukazijaza upya kwenye za akiba za Otieno.

Da Zuhura aligawa kwa mkono wake. Anamwita mtu kwa jina, anamshika mkono, anamwekea flash kiganjani, anafunga vidole vyake juu yake, anamwambia neno lake. Wengine aliwachekesha. Mzee mmoja wa Kiunguja ambaye walikuwa hawasemezani muda mrefu kwa ugomvi wa kamati ya maziko, alimwambia, "Hii ukiichoka izime. Nilipokuwa mzima hukuwa na kitufe." Mzee yule alicheka huku machozi yanamdondoka kwenye ndevu.

Na tulimaliza mapema, jua likiwa bado lipo. Hilo nalisema kwa sababu ndiyo faida nzima ya zile mbio zetu. Kama tungeendelea na ule mwendo wa kwanza, wageni wangekaa mpaka usiku wakisubiri, na sauti yake ingeishia kwa wageni. Ilivyokuwa, watu wakala, wakapokea, wakaondoka, na jioni ile yote akabaki na mumewe na binti yake, watatu tu, mlango umefungwa. Walizungumza nini sijui, na sijawahi kuuliza.

Mimi na Otieno tulikuwa wa mwisho kutoka. Tunakunja nyaya, da Zuhura akaja na sahani mbili zimefunikwa foil.

"Nyie hamjala," akasema. "Nimewaona."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kutoka kinywani mwake.

Operesheni ilikwenda salama. Aliishi. Akatembea na kitambaa laini shingoni na kibao cha kuandikia kwenye mkoba. Kwenye maziko na harusi bado alikuwa wa kwanza kufika. Kwa simu akawa anatuma ujumbe: "Umekula nini?" Tulikuwa tunajibu haraka haraka, lakini jamani, haikuwa sawa, na yeye alijua haikuwa sawa.

Majira ya joto yaliyofuata wakaenda Pemba, yeye na kaka Idrissa. Haya ya Pemba nimesimuliwa na kaka Idrissa mwenyewe, ndani ya gari, tumeegesha mbele ya duka, na yeye si mtu wa maneno mengi.

Mama yake da Zuhura yupo huko, mtu mzima sana, na macho yake yalishakufa zamani. Haoni kabisa. Kwa miaka yote ya Uingereza, mwanawe kwake alikuwa sauti ya kwenye simu.

Sasa fikirieni wakuu. Mama haoni. Mtoto hasemi.

Walifika, da Zuhura akapiga magoti mbele ya kitanda, akamshika mama yake mikono. Bi mkubwa akampapasa uso, mabega, akafika shingoni akakuta kitambaa. Alikuwa ameelezwa kwa simu, ila mtu mzima, alikuwa hajalishika vizuri. Akasema, "Mikono ya Zuhura hii. Mbona hanisemeshi?"

Da Zuhura akatoa flash kwenye mkoba. Ilikuwa yake maalumu, na ndani yake kulikuwa na faili moja ambalo zile arobaini hazikuwa nalo. Hata mimi sikulijua. Alilirekodi peke yake kule chumbani, chini ya duvet. Mpwa wao akaichomeka kwenye redio ya Kichina, ile yenye tundu pembeni.

Redio ikasema, "Shikamoo mama. Ni mie Zuhura."

Ikanyamaza.

Kaka Idrissa alidhani imekwama, akanyoosha mkono aigonge. Mkewe akamzuia.

Bi mkubwa akasema, "Marahaba mwanangu. Umefika salama?"

Redio ikasema, "Nimefika salama, alhamdulillahi. Nipo hapa ubavuni mwako. Hii ni mikono yangu."

Alikuwa ameupima ule ukimya. Alimjua mama yake anachukua muda gani kuitikia na atauliza nini, akamwachia nafasi yake, kutoka Stechford, miezi kabla. Kaka Idrissa anasema walisalimiana hivyo mpaka mwisho wa faili, salamu nzima ya Kipemba, habari za nyumba, habari za mtoto, habari za kazi, bi mkubwa anajibu na da Zuhura analia bila sauti.

Walirudi Birmingham, ile flash wakaiacha kwa bi mkubwa. Mwaka uliofuata ugonjwa ulirudi, na safari hii hakukuwa na kitu cha kukata. Tulimzika huko huko Birmingham. Otieno, Mkristo wa watu, alivaa kofia akashika jeneza na sisi.

Nimekuwa nikijiuliza kama lile jambo la Pemba lilikuwa sahihi, maana niliposikia da Zuhura amefariki, mtu wa kwanza niliyemfikiria ni yule mama na ile redio. Nikampigia kaka Idrissa, nikamuuliza kama wamemwambia bi mkubwa.

Akaniambia wamemwambia siku ile ile. Alilia, ikasomwa khitma ya mwanawe, akakaa msiba wote. Na matanga yalipokwisha akaomba awekewe redio.

Mpwa alisita. Akamwambia, "Bibi, lakini si unajua?"

Bi mkubwa akasema, "Najua mwanangu amekufa. Lakini anaponisalimia, nisimuitikie?"

Basi wakuu, ndugu uliyeuliza kuhusu flash, ufundi nimeshauweka hapo juu. Hamisha kwanza kwenye hard disk, punguza ukubwa wa mafaili, gawa mzigo kwenye mashine zaidi ya moja, hub iwe na umeme wake, na uhakiki kila flash mpaka mwisho.

La pili ni langu mwenyewe. Wazazi wetu tunawapiga picha kwenye harusi wamevaa nguo ambazo hawazivai. Warekodi wakikuuliza umekula. Warekodi wakikugombeza. Sauti ya baba yangu sina hata sekunde moja.

Aliyewahi kuhifadhi sauti ya mtu wake, au aliyeikosa, aweke hapa chini tusome. Na mwenye njia ya kisasa zaidi ya hub zangu mbili pia aseme, uwanja ni wenu.